Kinyota Mbele ya Neno: Uundaji Upya wa Msamiati wa Kijerumaniki Mame

Katika isimu historia, kinyota huwekwa mbele ya neno ambalo halikupatikana katika maandishi yoyote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana nalo. Hivyo ndivyo yaandikwavyo maneno ya Kijerumaniki Mame, lugha iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na Kiswidi. Je, maneno hayo ni elimu au ni kubahatisha tu?

Msingi wa kazi hii ni ukawaida wa mabadiliko ya sauti. Mnamo 1822, Jacob Grimm alionyesha kuwa vipasuo p, t na k vya lugha mame ya Kihindi-Kiulaya viligeuka kuwa vikwamizo katika Kijerumaniki. Ndiyo maana Kilatini kina *pater*, *tres* na *centum*, ilhali Kiingereza kina *father*, *three* na *hundred*.

Hata hivyo, palizuka utata. Maneno ya 'baba' na 'ndugu' yana t katikati katika Kilatini: *pater* na *frater*. Lakini katika Kiingereza cha Kale yakawa *fæder* na *broþor*, yenye konsonanti mbili tofauti. Katika miaka ya 1870, Karl Verner wa Denmark alipata jibu katika Kisanskriti. Mkazo ulipokuwa kwenye silabi iliyotangulia, kama katika *bhrā́tar*, t iligeuka kuwa th ya 'thelathini'. Ulipokuwa baadaye, kama katika *pitár*, sauti hiyo ilighunishwa ikawa dh ya 'dhahabu'. Kwa hiyo huandikwa \*brōþēr na \*fadēr. Kilichodhaniwa kuwa kighairi kikawa kanuni.

Ushahidi mwingine unatoka nje ya ukoo huo. Kifini, ambacho si lugha ya Kihindi-Kiulaya, kilikopa \*kuningaz 'mfalme' na \*hringaz 'pete' zamani sana. Kiingereza kimebakiwa na *king* na *ring*, bila kiishio. Kifini kingali na *kuningas* na *rengas*. Chimbuko la \*kuningaz nalo ni neno la 'ukoo', lililozaa *kin* ya Kiingereza na lenye asili moja na *genus* ya Kilatini.

Mwaka 1899, Carl Meinhof alichapisha kitabu kilichotumia mbinu hiyo ya ulinganishi katika lugha za Kibantu. Basi mwanafunzi anayekutana na kinyota katika maumbo ya Mame-Bantu na akitazame kama nadharia inayoweza kupimwa kwa lugha zilizo hai, wala asiyakariri maumbo hayo kama orodha tu.