Kilima cha Nchi Tatu, Barabara ya Mipaka Minne

Waholanzi huiita Vaalserberg, na "berg" kwao ni mlima. Mtu wa milima ya Lushoto angecheka: kilele kiko mita 322 tu kutoka usawa wa bahari. Lakini katika nchi iliyo tambarare kama meza, hapa ndipo juu kabisa pa Uholanzi ya Ulaya.

Ukitoka mji mdogo wa Vaals unapanda kwa barabara ya Viergrenzenweg, yaani Njia ya Mipaka Minne. Kileleni, hata hivyo, jiwe linaonyesha nchi tatu: Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani. Mpaka wa nne umekwenda wapi?

Shuka upande wa Ubelgiji, kuelekea Kelmis. Huko palikuwa na mgodi wa zinki, madini yanayopakwa kwenye mabati yasishike kutu. Napoleon alipoanguka, Uholanzi na Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo, zote ziliutaka. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa mwaka 1816 walikubali kukaa: walitenga eneo dogo, kilomita za mraba tatu na nusu hivi, wakaliita Moresnet, lisiwe la mmoja wao. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, mipaka ikawa minne. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza, ukaikabidhi Ubelgiji Moresnet. Mkataba huohuo ndio ulioivua Ujerumani makoloni yake, Tanganyika ikiwemo.

Mawe ya mpaka wa Moresnet mengi bado yamesimama msituni, na wapenda kutembea huyafuata moja baada ya jingine. Wengine hupandia Gemmenich, kijiji cha Ubelgiji, au hukata msitu kutokea Aachen, Ujerumani. Asiyeshiba kilele hupanda mnara: Waholanzi wana wao, Wabelgiji wana wao.

Si kila zama palitembeka hivi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walitandaza waya wa umeme mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi, ukaua mamia ya watu. Mwaka 1995, Mkataba wa Schengen uliondoa ukaguzi wa pasipoti. Leo anayevuka hapa kwa kawaida haulizwi neno na askari. Simu yake tu ndiyo hulia mfukoni, ikimkaribisha nchi aliyokwisha kuiacha nyuma.