Bei ya bunduki ya shabaha si gharama yake yote

MTU aliyeiweka kando bunduki yake ya mashindano mwaka 1995 ili alee watoto na kujenga nyumba, na sasa anataka kurudi uwanjani, anakuta soko lisilofanana na lile aliloliacha. Majina ya viwanda ni yale yale, lakini thamani imehama. Asiyejua imehamia wapi anaweza kutumbukiza akiba yake katika chombo kizuri ambacho hakina tena kazi aliyoikusudia.

Soko lenyewe kubwa liko Ulaya, hasa Ujerumani na Uingereza. Anschütz na Walther wako Ulm, Feinwerkbau iko Oberndorf, na bunduki nyingi za shabaha zinazobadilishana mikono katika klabu za huko zimetoka kwa hao watatu. Ni bidhaa zinazodumu. Bunduki ya miaka ya 1970 iliyotunzwa bado inalenga, na ndiyo maana mnunuzi anayerudi mara nyingi huanzia kwenye mtumba.

Jambo la kwanza la kuamua, hata hivyo, si bunduki bali mashindano. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, lenye makao yake Munich, linatambua bunduki ya risasi ya milimita 5.6 inayopigwa umbali wa mita 50, na bunduki ya upepo ya milimita 4.5 inayopigwa mita 10.

Katika miaka ya 1990 mwanamume aliyependa kulala kifudifudi na kupiga risasi 60 kwa mita 50 alikuwa na njia iliyonyooka hadi Olimpiki. Njia hiyo imefungwa. Mashindano hayo yalichezwa kwa mara ya mwisho Rio de Janeiro mwaka 2016, ambapo Henri Junghänel wa Ujerumani alitwaa dhahabu, kisha yakaondolewa katika ratiba ya Tokyo. Nafasi za michezo iliyoondolewa zikapewa timu za mwanamume na mwanamke, ikiwemo timu ya bunduki ya upepo. Kwa mita 50, kilichobaki Olimpiki ni mashindano ya mikao mitatu: kupiga goti, kulala na kusimama. Nayo yamefupishwa. Tokyo, michezo iliyofanyika mwaka 2021, mchezaji alipiga risasi 120 katika mchujo. Paris mwaka 2024 alipiga 60.

Kibiashara, bunduki iliyoundwa kwa ajili ya kulala tu, yenye kitako cha mbao kisichorekebishika sana, imepoteza sehemu ya wateja wake. Kijana anayetafuta nafasi katika timu ya taifa haihitaji. Kwa muuzaji hiyo ni hasara. Kwa mtu wa miaka 50 anayetaka ligi ya klabu, na hasa Uingereza ambako mkao wa kulala bado unachezwa sana, ni nafasi ya kupata kwa bei nafuu chombo ambacho zamani hakikushikika. Mradi akumbuke kwamba siku atakapotaka kukiuza, naye atakutana na soko hilo hilo dogo.

Ipo tofauti nyingine ambayo haiandikwi kwenye lebo ya bei, nayo ni urahisi wa kuigeuza bunduki kuwa fedha taslimu. Uingereza, anayetaka bunduki ya milimita 5.6 lazima awe na cheti cha polisi, na cheti hicho kiwe kimeruhusu silaha ya aina hiyo kabla haijanunuliwa. Ujerumani, mchezaji hupaswa kwanza kuwa mwanachama wa klabu anayefanya mazoezi mara kwa mara kwa miezi 12. Kwa hiyo hata kama wanaotamani bunduki yako ni 20, wenye karatasi za kuichukua wiki hii wanaweza kuwa wawili.

Bunduki ya upepo ina mlango mpana zaidi. Ujerumani, ile yenye nguvu isiyozidi jouli 7.5 huuzwa kwa mtu yeyote aliyetimiza miaka 18. England na Wales nako bunduki za mashindano za aina hii hazihitaji cheti, ingawa Scotland imeweka leseni tangu Desemba 31, 2016. Wanunuzi ni wengi, na bidhaa hutoka haraka. Msomaji wa Afrika Mashariki anayefikiria kuagiza asichukulie kuwa sheria ya Ujerumani itamfuata hadi bandarini. Aanze na kibali cha nchi yake kabla ya kutuma hata senti moja.

Gharama za uendeshaji ndizo zinazowashangaza wengi. Tuchukulie mchezaji anakwenda uwanjani mara moja kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, na kila mara anapiga risasi 60 za kuhesabiwa na 20 za kujaribia. Hizo ni risasi 3,840 kwa mwaka. Kama risasi moja ya mita 50 inamgharimu senti 25 za yuro, atatumia yuro 960. Akiwa amenunua bunduki ya mtumba kwa yuro 1,200, katika miezi 15 risasi zitakuwa zimemeza fedha sawa na bei ya bunduki. Kwa bunduki ya upepo, kopo la risasi 500 likiwa yuro 12, makopo manane yanamtosha mwaka mzima kwa yuro 96. Bei hizi ni za mfano na hutofautiana kwa daraja la risasi, lakini pengo kati ya michezo hiyo miwili ni la kweli.

Pengo hilo linaeleza kwa nini wapo wanaonunua bunduki ya gharama kubwa kisha wakaonekana uwanjani mara moja kwa mwezi. Fedha zimeishia kwenye chuma. Anayerudi baada ya miaka 20 anahitaji mazoezi kuliko anavyohitaji toleo la mwaka huu, na ni afadhali apange bajeti ya risasi na ada ya klabu kwanza, kitakachobaki ndicho kitafute bunduki.

Bunduki ya upepo nayo ina mtego wake. Zile zinazotumika mashindanoni leo hubeba mtungi wa hewa iliyoshindiliwa hadi bar 200, na viwanda vya Ujerumani huupa mtungi maisha ya miaka 10. Tarehe imepigwa chapa kwenye mtungi wenyewe. Bunduki yenye mtungi wa mwaka 2012 ni bunduki inayodai mtungi mpya tangu 2022, na bei ya mtungi huo itolewe katika bei anayotaja muuzaji. Muuzaji mwenye mitungi miwili iliyopitwa na wakati hauzi mitungi miwili, anauza vyuma viwili.

Anayetaka kuukwepa mtego huo anaweza kurudi nyuma zaidi. Feinwerkbau 300S inatumia springi, na zile za mfululizo wa 600 hushindilia hewa kwa kuvuta wenzo kila kabla ya risasi. Hazina mtungi wa kuisha muda. Usahihi wake kwa mita 10 bado unatosha klabu yoyote. Ubaya wake ni bega: kuvuta wenzo mara 60 na zaidi ndani ya saa moja na robo si kazi ya mtu mwenye maumivu ya kiungo.

Kwa mita 50, mnunuzi anunue mtutu kabla ya kununua urembo. Mtutu wa risasi hizi ndogo huishi muda mrefu sana, na kilichouharibu mara nyingi ni kutu au usafishaji wa hovyo, si wingi wa risasi. Njia ya kujua ni kuupima. Eley wa Uingereza, na Lapua katika kituo chake cha Schönebeck, Ujerumani, hufunga bunduki kwenye kishikizo na kupiga makundi ya risasi za matoleo mbalimbali hadi lipatikane toleo ambalo mtutu huo unalipenda. Mtutu wa zamani uliopata risasi zake unaweza kuushinda mpya usiopimwa.

Kipimo hicho kimepanda thamani kwa sababu ya mabadiliko ya kuhesabu pointi. Duara la kumi kwa mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4, na risasi inayougusa mstari wake inapata kumi. Zamani hiyo ilitosha: risasi 60 za kumi zilileta 600, na hakuna aliyeweza kuzidi. Tangu 2013 mchujo wa bunduki ya upepo na wa kulala mita 50 unahesabiwa kwa desimali, ambapo risasi bora ni 10.9 na jumla ya juu kabisa ni 654. Kumi iliyogusa mstari na kumi ya katikati sasa zinatofautiana kwa karibu pointi nzima. Mchezaji anayerudi na kumbukumbu ya 595 yake afahamu kwamba namba hiyo haisemi tena kitu kile kile.

Mwili nao umebadilika. Kitako kinachopanda na kushuka, pamoja na sehemu ya shavu inayorekebishika, kina manufaa kuliko jina la kiwanda, kwani shingo ya miaka 50 haikunji kama ya miaka 25. Jicho likianza kuchoka, tundu la kilengeo cha nyuma linaloweza kupanuliwa na kubanwa ni kifaa cha bei ndogo chenye msaada mkubwa. Koti la zamani nalo lipelekwe likapimwe kabla ya mashindano: ISSF inataka likiwa limevaliwa liweze kupitilizwa milimita 70 zaidi ya pale vifungo vinapokutana. Wengi hawafiki hata kwenye vifungo.

Wachezaji wa bunduki kubwa ya milimita 7.62, inayopigwa hadi yadi 1,000 kwenye uwanja wa Bisley, wana hesabu nyingine, na kwa nchi kama Tanzania na Kenya mlango wa Michezo ya Jumuiya ya Madola umebana pia: shabaha ilichezwa Gold Coast mwaka 2018 na kuachwa Birmingham mwaka 2022.

Aliyebahatika kubaki na bunduki yake ya zamani asikimbilie kuiuza. Anschütz 1413, 1813 na 1913 zote zimejengwa juu ya mtambo mmoja unaojulikana kama Match 54, na vipo vitako vya alumini vinavyopokea mtambo na mtutu huo bila kuvikata. Apime mtutu kwanza. Ukikubali, anunue kitako peke yake, na fedha zinazobaki ziende kwenye sanduku la risasi za toleo moja.