Michango ya Mgonjwa Aliye Hai

Mtu akifiwa Dar es Salaam, jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vya kukodi vimeshashushwa, na mzee mmoja amekaa na daftari akiandika rambirambi. Hakuna anayesubiri kuombwa. Mtu huyohuyo angeambiwa kwamba uvimbe wa titi ni saratani, jamaa wangebaki kunong'ona. Anaumwa nini? Ah, ugonjwa mkubwa tu.

Si kwamba hatujali. Kumjulia hali mgonjwa ni desturi iliyo imara, wala haendewi mikono mitupu: machungwa, chupa ya uji, supu ya kuku wa kienyeji. Waislamu humfanyia kisomo, na Wakatoliki huhamishia sala ya jumuiya nyumbani kwake. Lakini desturi hii ilizoea homa na uzazi, mambo ya siku chache. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, mara nyingi kwa wiki kadhaa mfululizo. Dripu za kemo huja kwa mizunguko, na kila mzunguko humwacha mtu hoi. Mwanzoni viatu hujaa mlangoni. Mwezi wa tatu amebaki dada mtu peke yake.

Hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, nazo hutibu saratani, lakini wagonjwa wengi wa mikoani bado huletwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897, pale ufukweni. Wasiolazwa hufikia kwa shangazi Mbagala au Gongo la Mboto. Watoto huhamia mkekani, mgonjwa hupewa kitanda, na kila alfajiri mtu mmoja humsindikiza kwenye daladala. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hukaa miezi na jembe halitajwi. Sijui wema mkubwa kuliko huo katika mji huu, na hakuna daftari linalouandika.

Kuna desturi nyingine ambayo siipendi, hata kama imetokana na huruma. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe hupewa mjomba au kaka mkubwa, kikao cha familia huketi, kisha mwenye mwili huambiwa ana vidonda vya tumbo. Asiyejua anachotibiwa atakubali vipi dripu ya pili, baada ya ile ya kwanza kumtapisha usiku kucha? Na kikao kikianza kubishana kama ni mkono wa mtu, mganga hutangulia na hospitali hufuata, uvimbe nao ukiendelea kukua. Saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti, zinazowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania, hutibika vizuri zikiwahiwa. Kule Kenya, mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliutangazia umma mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo mpana. Alifariki Julai mwaka huohuo, lakini aliwafundisha wengi kuutaja ugonjwa kwa jina lake.

Kenya wanatuzidi pia kwenye michango. Harambee ya matibabu ni jambo la kawaida huko, na kundi la WhatsApp hufunguliwa mgonjwa akiwa bado anatembea. Sisi tuna kamati za harusi zenye mwenyekiti, mhazini na ahadi zinazofuatiliwa kwa simu bila haya, lakini mgonjwa huachiwa mfuko wa ndugu wawili. Hata matibabu yakisamehewa, nauli haisamehewi, wala maziwa, wala mshahara wa binti aliyeacha kazi ili amuuguze mama yake. Huyo binti ndiye tunayemsahau kabisa: wageni humuuliza mgonjwa hali, yeye huulizwa chai.

Basi kamati itakapokaa tena, daftari lianze na aliye kwenye mionzi. Achangiwe nauli, na anayemuuguza apewe mtu wa kumpokea zamu ya usiku.