Kumzuia Mshambuliaji: Haki Hii Huishia Wapi?

Mwizi mwenye panga akivunja mlango usiku, watu huuliza upesi: je, inajuzu kumuua? Wanazuoni wa fiqhi hawakuanzia hapo. Wao waliuliza kwanza: anazuilika kwa jambo gani lililo jepesi zaidi?

Mlango huu huitwa daf'u as-sail, kumzuia anayeshambulia, na Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H) ameuweka katika Minhaj. Asili yake ni Suratul Baqara, aya ya 194, inayoruhusu kumrudishia mvukaji mipaka kwa kadiri ya alivyovuka, na Hadithi ya Abdullah bin Amr (r.a.) katika Bukhari na Muslim, kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi.

Kanuni yake ni ngazi. Anayezuilika kwa maneno au kwa kupigiwa kelele za msaada hapigwi. Anayezuilika kwa mkono hapigwi fimbo, na anayezuilika kwa kujeruhiwa hauawi. Asiyezuilika ila kwa kuuawa, basi aliyemuua hana kisasi, wala diya, wala kafara. Anayeruka ngazi hali ya chini yake ingemtosha, ana dhamana. Wamevua tu hali ambapo mapigano yameshachanganya na hakuna tena nafasi ya kupima.

Sasa tazama yanayotendeka mitaani kwetu. Mwizi ameshakamatwa, amefungwa kamba, kisha anapigwa mawe na kuvishwa tairi la moto. Huyu si sail tena, maana shambulio limekwisha. Kumuua ni mauaji, na wingi wa wauaji hauwi kinga: Umar (r.a.) aliwatoza kisasi watu kadhaa waliomuua mtu mmoja kule San'aa. Hata adhabu ya wizi yenyewe iko mikononi mwa kadhi, si ya majirani. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo, kwani Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18B, inamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia yule aliyezidisha nguvu katika kujitetea mpaka mtu akafa.

Limebaki suala la ushahidi, nalo ndilo zito, kwa sababu marehemu hasemi. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja wa Sham, Ibn Khaybari, alimkuta mwanamume na mkewe akaua. Muawiya akatatizika, akamwandikia Abu Musa al-Ash'ari amuulizie Ali (r.a.). Jibu la Ali lilikuwa kwamba asipoleta mashahidi wanne, akabidhiwe kwa watu wa marehemu.

Kwa hiyo kusema tu "alinishambulia" hakumwokoi muuaji. Lakini mashahidi wakisema walimwona marehemu akimjia na silaha iliyochomolewa, basi wanazuoni wameona yatosha, hata kama hawakuona pigo la kwanza.

Wallahu aalam.