Maduka ya kale Tororo yana wenyewe

UKIINGIA Tororo kutoka Malaba, macho huvutwa na ule mwamba mkubwa. Wageni huupiga picha kisha wakashika njia ya Mbale. Maduka ya zamani yaliyo chini yake hakuna anayeyatazama, nayo yanazidi kuchakaa na kupisha majengo mapya.

Yalijengwa na Wahindi, mengi baada ya reli kutoka Kenya kupita hapa miaka ya 1920 na hatimaye kufika Kampala mwaka wa 1931. Duka mbele, makao na ua nyuma, na varanda inayopakana na ya jirani. Fundi wa cherehani hukaa hapo. Mvua ya alasiri ikianza, mtu huenda kutoka duka hadi duka bila kulowa.

Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na maduka yao yakagawiwa watu wengine. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kuwarejeshea wenyewe, lakini mengi yalisubiri hadi miaka ya 1990. Nani angetengeneza paa la nyumba asiyojua kama kesho itakuwa yake?

Mimi nilisomea ukimbizini, upande wa Kenya, nikarudi kufundisha Kisoko. Nikiwauliza wanafunzi maduka yale ni ya nani, hunijibu: "Ya Wahindi, mwalimu." Hapo ndipo penye kasoro. Babu zao walilima pamba, na pesa zake zikaishia kwenye varanda hizo hizo, kwa baiskeli, chumvi, na gomesi ya bibi. Historia hiyo ni ya Wapadhola pia.

Uganda ilipata sheria mpya ya makumbusho na turathi mwaka wa 2023, badala ya ile ya 1967. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, ukilipima duka moja la Tororo peke yake, huenda usione cha kuhifadhi. Thamani iko katika safu nzima. Bomoa moja, simamisha ghorofa la vioo lisilo na varanda, na mpita njia atasukumwa barabarani kupigania nafasi na bodaboda.

Zanzibar ililielewa hilo mapema, ikaunda mamlaka ya Mji Mkongwe wote mwaka wa 1985. UNESCO iliuorodhesha mwaka wa 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka wa 2001. (Orodha nayo si dawa: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020.)

Darasa langu limeanza kupima kwa futi na daftari: kimo cha paa, upana wa varanda, nguzo, milango ya mbao. Mwenye duka mmoja alituuliza nani atamlipia mabati mapya. Swali lake ni la haki. Manispaa ingeweza kuanza kwa kumpunguzia kodi ya jengo kila anayekarabati bila kuikata varanda.