Wasifu na Orodha ya Vipande kwa Mwombaji wa Chuo cha Maigizo

Chuo cha Marekani kinachofundisha uigizaji humpima mwombaji mara mbili. Ofisi ya udahili hutazama alama za shule, insha na barua za walimu. Walimu wa maigizo nao humtazama akiigiza, mara nyingi kwa dakika chache tu, kisha humwita anayefuata. Katika dakika hizo huwa na karatasi mbili mbele yao. Ya kwanza ni wasifu wa sanaa, unaoonyesha alichokwisha kufanya. Ya pili ni orodha ya vipande, yaani monolojia na nyimbo alizo tayari kuzitoa papo hapo akiambiwa. Makosa mengi hutokana na kuziandika hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja.

Si kila programu inazidai zote. Shahada inayojulikana kama BFA, ambayo humpa mwanafunzi saa nyingi za uigizaji, sauti na mwili kuliko masomo mengine, kwa kawaida huendana na usaili. BA ni pana zaidi, na vyuo vingi huitoa bila kumwita mtu jukwaani. Carnegie Mellon ya Pittsburgh, ambayo mwaka 1914 ilikuwa ya kwanza Marekani kutoa shahada ya maigizo, na Juilliard ya New York, iliyoanzisha kitengo chake cha maigizo mwaka 1968, zote huchagua wanafunzi kwa usaili. Siku hizi vyuo vingi huchuja kwanza kwa video: mwombaji hurekodi vipande vyake na kuvituma kwa mtandao katika miezi ya mwisho ya mwaka, na waliovuka mchujo huitwa kati ya Januari na Februari. Baadhi ya vyuo hukutana New York, Chicago na Los Angeles ili mwombaji aonwe na vyuo kadhaa kwa safari moja, na walio mbali mara nyingi huruhusiwa kusailiwa kwa video. Kwa kijana wa Kenya anayejiandaa na KCSE, msimu huo unagongana moja kwa moja na mtihani, hivyo karatasi zote mbili zinafaa ziwe zimekamilika kabla ya Oktoba.

Anayeujua wasifu wa kuombea kazi Afrika Mashariki itambidi auweke kando. Wasifu wa mwigizaji hauna tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini wala orodha ya wadhamini. Namba ya kitambulisho na anwani ya nyumbani pia hazitakiwi, na kwa kijana ambaye karatasi yake itapita mikono mingi, kuziacha ni usalama wake mwenyewe. Juu kabisa huwekwa jina, kwa herufi kubwa kuliko zote, kisha simu, baruapepe na urefu wa mwili. Anayeomba programu ya tamthilia za muziki huongeza aina ya sauti yake: soprano, alto, tena au besi. Aliyeimba kwaya anaijua tayari.

Yote hukaa katika ukurasa mmoja, na ukurasa huo una kipimo chake. Picha ya uso ya mwigizaji nchini Marekani ni ya inchi 8 kwa 10, na wasifu hubanwa kwa pini nyuma yake, mgongo kwa mgongo, ili msaili aigeuze na kusoma huku sura ya mtu ikiwa bado akilini. Karatasi ya A4 ni pana na ndefu kuliko hapo, kwa hiyo hukatwa ilingane na picha. Inapotumwa kwa mtandao, faili ya PDF inatosha na mkasi hauhitajiki.

Kiini cha wasifu ni safu tatu: jina la tamthilia, mhusika aliyeigizwa, na mahali au kundi pamoja na jina la mwongozaji. Aliyeigiza Kitunda katika tamasha la shule huandika *Kinjeketile* katika safu ya kwanza, Kitunda katika ya pili, na jina la shule na la mwalimu aliyeongoza katika ya tatu. Hapo mwombaji kutoka Afrika Mashariki anahitaji hatua moja zaidi, kwa sababu msaili wa Chicago huenda hajapata kusikia habari za *Kinjeketile*. Jina la mwandishi, Ebrahim Hussein, likiandikwa pembeni kwa herufi ndogo, linamweleza kwamba hii ni tamthilia iliyochapishwa na yenye hadhi yake. Vivyo hivyo kwa tamasha la kitaifa la drama la Kenya: maneno matatu au manne yanayoonyesha kuwa shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi taifa yanamsaidia msomaji kupima uzito wa kilichofanyika. Safu hupangwa kwa uzito wa kazi, si kwa tarehe. Nafasi kubwa hutangulia, na zilizochezwa utotoni huondolewa kadiri mpya zinavyoongezeka.

Mwenye machache asiyatie chumvi. Walimu wa vyuo hivi hawategemei kwamba mtu wa miaka 17 awe na historia ya mwigizaji wa kulipwa. Wanatafuta wa kumfundisha. Igizo la Krismasi kanisani, ngonjera za sikukuu ya taifa, kikundi cha vijana kinachoigiza mtaani kuhusu malaria, vyote ni kazi ya jukwaani, na vinastahili kuandikwa kwa majina yake halisi. Aliyekuwa mmoja wa umati wa wanakijiji aandike hivyo. Hakuna aibu katika kundi, na mafunzo mengi ya uigizaji huanzia hapo hapo. Aibu huja pale msaili anapouliza swali dogo kuhusu mhusika mkuu aliyetajwa na mwombaji akakosa la kusema.

Chini ya kazi hizo hufuata mafunzo: walimu wa sauti, madarasa ya ngoma, warsha, kila kimoja pamoja na aliyefundisha na muda wake. Mwisho huja ujuzi wa ziada, sehemu ambayo waombaji huidharau bila sababu. Kuzungumza Kiswahili na lugha nyingine mbili kwa ufasaha, kupiga ngoma, kucheza sindimba, kufanya sarakasi, ni mambo ambayo chumba kizima cha waombaji kinaweza kuwa hakina. Lakini kila kinachotajwa kinaweza kuombwa palepale, na aliyeandika sarakasi ajiandae kupinduka.

Orodha ya vipande inataka uangalifu zaidi, maana hiyo ndiyo inayomfunga mwombaji. Kwa kila monolojia huandikwa jina la tamthilia, mwandishi, mhusika, onyesho inamotoka, na muda wake. Vyuo vingi huomba vipande viwili vinavyotofautiana, kila kimoja kisichozidi dakika moja au moja na nusu: kimoja cha kale, mara nyingi cha Shakespeare, na kimoja cha kisasa. Vingine huomba vinne. Mpaka wa kale na kisasa hutofautiana toka chuo hadi chuo, hivyo mwaka wa tamthilia huwekwa kando ya jina lake ili pasiwe na shaka. Kipande kitoke katika tamthilia kamili iliyochapishwa, na mwombaji awe ameisoma yote. Kipande kilichookotwa mtandaoni bila tamthilia yake hujulikana haraka, kwa sababu anayekisema hajui mhusika anaongea na nani wala anataka nini kwake.

Umri nao ni kigezo. Mfalme Lear hafai kwa kijana wa sekondari hata awe na kipaji gani, ilhali Juliet, ambaye katika tamthilia hajatimiza miaka 14, anamfaa. Lupita Nyong'o aliigiza Juliet katika kundi la Phoenix Players la Nairobi akiwa na miaka 14, zamani kabla ya kusomea uigizaji Yale. Upande wa kisasa, vyuo hivi husaili kwa Kiingereza, na Afrika ina hazina ambayo wasaili hawaisikii kila siku: Sidi na Lakunle katika *The Lion and the Jewel* ya Wole Soyinka, kwa mfano, ni wahusika vijana wenye mengi ya kusema. Kuchagua kipande cha namna hiyo kuna faida kubwa kuliko kurudia kile ambacho wasaili wamekisikia asubuhi hiyo hiyo kwa waombaji wengine.

Anayeimba huongeza nyimbo, kila moja ikiwa na jina la tamthilia ya muziki inamotoka, mtunzi, na iwapo imekatwa kuwa vipimo 16 au 32 vya muziki. Noti huwekwa katika faili, kwa ufunguo anaouimba, mahali pa kuanzia na kuishia pakiwa pamewekwa alama, kwa sababu mpiga piano huwa anaiona kwa mara ya kwanza.

Wanaoomba ubunifu wa jukwaa, taa, mavazi au usimamizi wa jukwaa hawahitaji monolojia. Wasifu wao huonyesha kazi waliyosimamia badala ya mhusika, na mahali pa orodha hukaa mkusanyo wa michoro, picha za jukwaa na kurasa za kitabu cha maelekezo.

Siku ya usaili orodha hubebwa kwa nakala kadhaa, na iwe ileile iliyotumwa. Kipande kilichobadilishwa katikati ya msimu hubadilishwa pia kwenye faili ya kila chuo ambacho bado hakijamsaili. Kilichofifia kwa kutofanyiwa mazoezi huondolewa, kwani swali la kawaida baada ya kipande cha pili ni kama mwombaji ana kingine, na msaili huwa ameshaweka kidole kwenye mstari anaoutaka.