Kadi ya Kliniki Yasemaje?

Somo letu la leo nalielekeza hasa kwa wenzetu wa Chole, wilaya ya Kisarawe. Nasema Chole ya Kisarawe, nchi ya mihogo na mikorosho, wala si ile Chole ya kisiwani karibu na Mafia, maana watu huzichanganya. Wengine wote mnakaribishwa, kwa kuwa habari yenyewe haina mpaka. Kila mama aliye na kadi ya kliniki na aichukue, aishike mkononi. Na akina baba msiondoke. Leo mna kazi.

Mnaijua biashara ya mkaa. Mtu akikwambia, "Nimenunua magunia kumi," bado hujajua amenunua nini. Gunia moja laweza kuwa lumbesa, na jingine likawa limejaa chenga, vipande vizuri vimepangwa juu tu ili vionekane. Kuhesabu magunia ni jambo moja, na kupima mkaa ni jingine. Sasa, katika huduma ya wajawazito na wazazi, kwa miaka mingi kazi yetu kubwa imekuwa kuhesabu magunia.

Tazameni hesabu za nchi yetu. Katika uchunguzi wa Tanzania wa mwaka 2015-16, karibu wanawake wote waliozaa, yaani 98 katika kila 100, walihudhuria kliniki walau mara moja. Waliohudhuria mara nne au zaidi walikuwa 51. Waliozalia katika zahanati, kituo cha afya au hospitali walikuwa 63. Ulipofanywa uchunguzi mwingine mwaka 2022, hao 51 walikuwa wamefika 65, na hao 63 wamefika 81. Ni hatua njema, sina haja ya kuificha. Lakini hesabu hizi zote zatuambia kwamba mama alipita mlangoni. Alipoingia ndani alifanyiwa nini? Hapo ziko kimya.

Mwaka 1966 daktari mmoja mzaliwa wa Beirut, Avedis Donabedian, aliyekuwa akifundisha Michigan huko Marekani, aliandika kwamba huduma yaweza kutazamwa kwa pande tatu: vitu vilivyopo, kazi inayotendwa, na matokeo. Tuchukue mfano wa mashine ya presha. Kuwapo kwake mezani ni upande wa kwanza. Muuguzi kuifunga mkononi mwa mama, kusoma na kuandika, ni upande wa pili. Mama kujifungua salama ni upande wa tatu. Mashine iliyokaa sandukuni haijampima mtu, hata kama mkaguzi ameiandika katika daftari lake kuwa ipo.

Huenda mmoja wenu akauliza: kwa nini tusitazame matokeo peke yake, tukahesabu waliokufa na waliopona? Swali zuri. Kwa taifa zima twafanya hivyo. Uchunguzi wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Lakini zahanati ya kijiji huzalisha wanawake wachache kila mwezi. Yaweza kufanya kazi mbovu mwaka mzima na asife mtu, kwa bahati tu. Na hospitali kubwa kama Tumbi au Muhimbili hupokea walio taabani kutoka kila upande, kwa hiyo vifo vyake vyaweza kuwa vingi hali kazi yake ni nzuri. Ndiyo sababu kijijini yafaa kwanza kuitazama kazi yenyewe.

Haya, ifungueni kadi. Kwa kila tarehe mliyohudhuria, tafuteni mahali pa presha. Kisha tafuteni kipimo cha mkojo, wingi wa damu, kaswende na Virusi vya UKIMWI, vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria, na chanjo ya pepopunda. Si kila kipimo hufanywa kila siku, ila presha haina siku ya kuachwa. Presha ya mimba huanza kimyakimya. Mama hutembea, hulima, hucheka na jirani, na siku moja kichwa kikauma na macho yakaona giza. Baada ya hapo huweza kuja kifafa cha mimba. Nimepata kuiona kadi ya jamaa yangu mmoja. Ilikuwa na tarehe tano, na presha imeandikwa mara moja. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Pia jihadharini na kadi iliyojaa mno. Mkikusanya kadi za wanawake kumi na zote zikasema 120 kwa 80, kila mwezi, basi huenda kalamu imefanya kazi na mashine haikufanya. Msiende kumgombeza muuguzi. Huenda betri ziliisha, naye yuko peke yake na foleni imefika nje. Muulizeni kwa upole kinachokosekana, kisha mpeleke jambo hilo kwenye kamati ya zahanati.

Sasa tuje kwenye kuzaa. Damu inayomtoka mzazi huuwa upesi kuliko jambo lolote jingine, na kwa muda mrefu wakunga waliipima kwa macho. Nusu lita kwenye kitambaa na sakafuni, nani aweza kuijua kwa kutazama? Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya majaribio katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Katika baadhi ya hospitali hizo, mama alitandikiwa plastiki yenye mfuko na alama za kipimo, damu ikaingia humo. Ilipofika alama ya hatari, matibabu yote yalianza pamoja: kusugua tumbo la uzazi, dawa za kulikaza na za kuzuia damu, dripu, na kuchunguza inakotoka. Hakuna dawa iliyokuwa ngeni. Palipopimwa kwa macho, kutoka damu nyingi kulitambuliwa karibu nusu ya mara zote. Palipotumika plastiki, mara 93 katika 100. Na waliopatwa na hatari kubwa walishuka kutoka 4.3 katika kila 100 hadi 1.6. Kipimo peke yake hakikutibu mtu, lakini kilimwamsha mkunga mapema.

Jambo linaloniudhi zaidi ni siku zinazofuata. Nimesema kwamba mwaka 2015-16 waliozalia katika vituo vya tiba walikuwa 63 katika 100. Basi waliochunguzwa afya zao ndani ya siku mbili baada ya kuzaa walikuwa 34. Fanyeni hesabu hiyo taratibu. Wanawake wengi walizaa chini ya paa la zahanati au hospitali, wakafunga khanga zao, wakapanda bodaboda wakarudi nyumbani, hakuna aliyewapima joto wala presha wala kuwauliza habari ya damu.

Kazi ya vikundi juma hili ni hii. Akina mama watano walionyonyesha au wanaonyonyesha waulizwe: baada ya kuzaa, nani alikuja kukutazama, baada ya saa ngapi, na alitazama nini? Ulielezwa dalili za hatari? Ulisemeshwa vizuri au ulifokewa? Akina baba ndio wataandika majibu, bila majina. Juma lijalo, saa hii hii, tutayasoma majibu hayo pamoja na somo la mtoto mchanga. Kila kikundi kije na futi kamba moja.